Tanuru Lililopakwa Mpemba Bila Kesi

Katika mustari wa nyumba zetu, hapa kando ya Ziwa Mweru kwenye njia ya kwenda Puta, nyumba moja tu haijapakwa chokaa. Ni ya Bamayo Eness, yaani Mama Eness, muuza chisense, wale samaki wadogo wa kukausha. Kuta zake ni za udongo mwekundu wa kichuguu, na kila mwaka mvua zikiisha anazikandika upya kwa mikono yake, ingawa anakaribia miaka makumi nane na magoti yanamuuma. Sisi tuliotoka Congo tulipofika tulidhani ni umaskini. Jirani yangu Simone, ambaye hawezi kufunga kinywa, alimutania siku moja:

"Bamayo, nyumba yako haioni haya? Wenzake wote wamevaa shati nyeupe, yeye anavaa matope."

"Iache ivae," Bamayo Eness akajibu, anageuza samaki wake. "Shati yako weye, nani alikufulia?"

Simone hakuelewa, na mimi pia. Nilielewa baadaye, nilipoanza kuuza muhogo karibu na mukeka wake wa samaki.

Baba yake alikuwa muvuvi. Wakati wa vita vya wazungu, kampani moja ilijenga tanuru pale kwenye rasi ya mawe, ili kuchoma chokaa cha kupeleka kwenye migodi. Hakuna mutu aliyeomba kazi ile. Kapitao, musimamizi wa kazi, alikuja asubuhi na kamba, akawachukua wanaume kwenye nyavu zao, wa upande huu na wa upande wetu wa Congo, akawafunga shingo kwa shingo. Mama ya Eness alikuwa na mimba yake. Chokaa kikitoka motoni kinataka maji, na kikikosa maji kinakunywa jasho la mutu. Kinaunguza miguu, kinaunguza macho. Wengine walibaki palepale, hata makaburi yao hayana alama. Baba ya Eness alirudi, lakini alirudi haoni.

Kwa hiyo Eness alikua akiwa fimbo ya baba yake. Alimuongoza ziwani, alimuongoza shambani. Wakifika nyumbani, muzee alipitisha mukono ukutani, na akigusa udongo alisema, "Ni kwangu," ndipo aliingia. Nyumba ya chokaa hakuingia mpaka alipokufa, hata nyumba ya Mungu. Siku ya ibada alikaa nje chini ya dirisha, akaimba kutoka huko. Watu walimucheka. Mutoto wake alisikia kicheko chao chote.

Kuna jambo lingine la maisha ya Eness ambalo lazima nilieleze, maana bila lile hamutaelewa hasira yake. Mume wake alizama na mutumbwi. Ndugu za mume wakasema ni yeye aliyemuuza kwa ziwa, kwa uchawi. Wazee wa muji wakakaa. Walimuhoji yeye, wakahoji majirani, wakahoji wavuvi waliotoka pamoja na marehemu. Mavuno yakapita, Eness hasalimiwi kisimani, samaki wake hanunui mutu. Mwisho wakaona hana kosa. Wakamupaka mpemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso na mikononi, wakamutembeza muji mzima. Kwa Wabemba, na kwetu upande wa pili pia, kila mutu anajua maana yake: maneno yamekatwa, huyu ni safi, asiguswe tena. Hakuna anayejipaka mwenyewe, na hakuna anayepakwa bure.

Basi mwaka jana ikaja komite ya urithi. Mukubwa wake alikuwa Aubrey, mwanaume wa suti, mutoto wa hapa kwa kuzaliwa lakini alikulia Kitwe. Alituita kwenye uwanja wa shule, akatuambia kwamba tanuru letu ni urithi wa viwanda, litatambuliwa, litawekwa kibao, wageni watakuja kupiga picha. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Nilifikiria barabara. Nilifikiria Bénie, binti yangu, ambaye kwa jina lake hapa wananiita banaBénie; amemaliza shule na anakaa tu.

Bamayo Eness akasimama. "Kibao kitasema nini?"

"Kitawasifu mafundi wa zamani, bamayo. Wafanyakazi hodari walioleta maendeleo."

"Baba yangu hakuwa fundi. Alikuwa na kamba ku shingo. Muandike kamba."

Watu wengine wakacheka. Aubrey naye akatabasamu, lile tabasamu la mutu anayetaka kikao kiishe. "Tutaona, bamayo."

"Utaona weye mwenye macho," akasema, akakaa.

Hakuna aliyekuja tena kumuuliza. Siku ya sherehe ikapangwa, mahema yakaletwa, Bénie akachaguliwa kati ya wachezaji wa ngoma, nikamushonea kitenge. Asubuhi ile tulipofika kwenye rasi, tukakuta tanuru lote jeupe. Juu mpaka chini, nje mpaka ndani ya kinywa chake, jeupe kama yai. Walilipaka chokaa jana yake ili ling'ae kwenye picha. Mbele yake palikuwa kibao kimefunikwa kitambaa.

"Ee, limependeza!" Simone akapiga makofi.

Bamayo Eness alikuwa nyuma yetu. Alisimama kabisa. Alilitazama, akauliza kwa sauti ndogo, kama mutu anayeuliza njia:

"Nani alikata maneno ya hili?"

Simone akaacha kupiga makofi.

"Lilihojiwa lini? Na nani?"

Akageuka akaenda. Nikadhani anakwenda kulia nyumbani, na nikatulia kidogo, maana sisi wakimbizi tunaogopa kelele. Mutu mwenye kitambulisho anaweza kugombana na serikali asubuhi, jioni akalala. Sisi hatujui tutaulizwa nini kesho. Lakini alirudi na beseni la udongo mwekundu kichwani. Akapiga magoti mbele ya tanuru, yale magoti mabaya, akachota kwa mikono miwili na kuanza kukandika juu ya weupe, kama anavyokandika nyumba yake.

Aubrey akaja mbio. "Bamayo! Wageni wako njiani! Munafanya nini?"

"Naondoa mpemba."

"Ni rangi tu, bamayo. Usafi tu."

"Usafi? Weye ni Mubemba ao ni mugeni?" Hakuacha kukandika. "Miye nilipopakwa, walinihoji mpaka mavuno yakapita. Nilikula aibu kwanza. Hili lilikula watu, na munalipaka bure, kwa siku moja, sababu ya picha? Tena munalipaka na chokaa! Kile kile! Kaa hapa chini, Aubrey. Tuite kesi. Nani analitetea? Weye?"

Aubrey akageuka kutazama tanuru. Nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa amesahau, ao alijua na hakufikiri, mimi sijui. Lakini hakulitetea. Wala hakuomba radhi.

Ndipo mimi nikakasirika kweli. Siyo kwa ajili ya rangi. Babu yangu wa Pweto alichukuliwa kwenye nyavu zake, na bibi yangu alikufa anamungoja, na miaka yote hii hakuna biro hata moja ya serikali iliyokuja kuuliza walikwenda wapi wale watu. Leo walikuja, na walikuja kuwashukuru kwa kazi nzuri! Nikamwambia Bénie, "Baki hapo, usisogee, usiseme kitu." Nikavua viatu, nikaenda ziwani kuchota maji ya kulainisha udongo. Niliporudi, Simone amekwisha kufunga kitenge chake vizuri na yuko magotini, mikono myekundu mpaka viwiko, na kwa mara ya kwanza tangu nimujue, amenyamaza.

Mukubwa wa wilaya alipofika alikuta kinywa chote cha tanuru ni chekundu na wanawake wazima watatu wamejaa matope. Akauliza. Bamayo Eness akamueleza, kifupi, bila kusimama. Yule mukubwa akatazama weupe uliobaki juu, akavua kofia. Halafu akasema hataondoa kitambaa juu ya kesi ambayo yeye hakuisikia. Aubrey akang'oa kibao, akakiweka nyuma ya gari. Wageni wakaenda kula kuku mujini.

Wanasema maneno ya kibao yanatazamwa upya. Mwaka unageuka, bado wanayatazama. Hawakutuma mutu kutuuliza kuhusu kamba. Mvua ikipiga, udongo unashuka, weupe unatokea tena unatucheka, na mvua ikipumzika tunarudi kukandika. Bénie hapendi. Anasema nitamuharibia nafasi ya kazi. Nami naogopa hivyo hivyo, namwambia wazi, lakini nakwenda.

Juzi nilimukuta Bamayo Eness amefika mbele yangu, anapapasa ukuta wa tanuru kwa kiganja, polepole, akitafuta palipofunuka.

"Leta maji, banaBénie," akasema. "Hapa limeanza kujisafisha tena."