Chachu Isiyo na Q

Mama aliwaambia akina mama wa kanisa kwamba chuoni nasomea mikate. Nililijua hilo siku nilipofika kijijini kwetu Hasamba kwa likizo, mwenyekiti wao aliponidaka njiani akiwa amejaa furaha: "Mwanetu, Jumamosi utufundishe. Unga upo, na hamira imeshanunuliwa Tunduma."

Mimi mkate sijui kuoka hata wa kuunguza. Nasomea chembe za chachu, jinsi zinavyojipangia kutengeneza koenzaimu Q, kitu kinachozisaidia kupata nguvu kwa kutumia hewa. Nilipomfuata Mama jikoni, alikuwa anachambua maharage bila kuniangalia.

"Ningesemaje?" alisema. "Huku kwetu chachu ni pombe. Mimi mzee wa kanisa, binti yangu asomee pombe?"

Nilikasirika, siwafichi. Nilimwonea huruma pia, maana nikisema kweli angeumbuka yeye, si mimi. Lakini kukanda uongo mbele za watu sikuwa tayari. Kazi yangu naipenda, na naijua.

"Nitasema ninachokijua," nilimwambia. Aliendelea na maharage yake.

Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa, nilikuta beseni la unga limeshawekwa mezani. Mama alikaa benchi la mbele, kajifunga kitenge mpaka kifuani. Nikaanza.

"Chachu ikiwa na sukari tele haihangaiki. Inaivunja harakaharaka, na kitu tunachokiita Q inakitengeneza kidogo tu. Sukari ikiisha, kinabaki chakula kigumu, kisicholika bila hewa. Hapo chachu inaachia breki na kutengeneza Q kwa wingi, maana ndiyo inayopokea nguvu hatua hii na kuipeleka hatua ile. Mimi natafuta nani anakanyaga hiyo breki, na nani anaiachia."

"Na chachu isiyoweza kutengeneza hiyo Q?" aliuliza bibi mmoja, jirani yetu, ambaye hakuwahi kupitwa na neno.

"Ipo, bibi. Tunaifuga maabara."

"Mkate inaumua?"

"Inaumua vizuri tu. Kwa macho huwezi kuitofautisha na nzima."

"Mpaka lini?"

"Mpaka sukari iishe. Ikiisha, haikui tena."

Bibi alilitazama beseni, akanitazama mimi niliyesimama mbali nalo, kisha akamgeukia Mama taratibu.

"Mwenzetu," akasema, "sukari imeisha."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Mama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo niliogopa.

Mama alisimama.

"Ni kweli," alisema. "Mikate hajui. Anasomea chachu, hiyohiyo ya pombe. Niliona aibu kuwaambia." Aliwatazama mmoja mmoja mpaka kicheko kikakatika. "Sasa nani humu ana mtoto wa kuulizwa na bibi huyu akajibu bila kubabaika?"

Mama akavuta benchi karibu na meza, akaketi.

"Haya, mwanangu, rudia hapo kwenye breki," akasema. "Hapo sikuelewa."