Nyimbo za Mama Kwenye Kompyuta ya Zamani

Kama ni kucheka, cheka sasa umalize, maana haya hayakumpata jirani wala shemeji. Yalinipata mimi mwenyewe, alasiri, jua linawaka, hapa Magongo.

Mama yangu alikuwa mwimbishaji. Harusini, matangani, akianza yeye, kinamama wote huitikia. Nilimrekodi kwa simu miaka nenda miaka rudi, nikahifadhi kwenye kompyuta. Alipofariki, sauti yake haikubaki popote pengine.

Niliponunua kompyuta mpya, Kazungu alijitolea kunihamishia nyimbo. Ni fundi, tena rafiki tuliyekua pamoja. Kwetu alikula, akalala. Nikaona majina ya nyimbo yamejipanga yote kwenye mashine mpya. Kwa furaha nikampa ile ya zamani iwe shukrani. Kuja kufungua, hakuna wimbo hata mmoja! Alikuwa amehamisha majina matupu. Nikampigia simu.

"Haki ya Mungu, ndugu yangu, ile ya zamani nishaifuta yote," akasema. "Mama amepumzika, nawe pumzika."

Basi nimekaa kibarazani nalia kama mtoto, akaja mama mmoja amejitanda leso mpaka puani. Akabisha hodi, akaomba maji. Nikampa kikombe. Niamini, nilimwona akimeza. Kisha akasema taratibu, kwa sauti niliyoijua kabla sijajua kutembea:

"Mwanangu, wanitafuta humo kwenye mashine mpya na mimi niko Shanzu, nawaimbia watalii bila kuulizwa. Njoo unitoe."

Nikainuka nimshike, nikashika hewa. Kikombe kilikuwa kizingitini, maji yamejaa vilevile.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilikwenda. Nikaulizia hoteli moja baada ya nyingine, mpaka nikamsikia mama akiimba kwenye spika, wachezaji wanazunguka kando ya bwawa la kuogelea. Na nyuma ya kompyuta yangu ya zamani, nani? Kazungu! Hata haya hakuona.

"Mamako si mamangu pia?" akasema.

Niliumia. Afadhali angeniibia nyumba nzima. Nikachomeka flashi, nikamsimamia mpaka nyimbo zote zikanakiliwa. Hapo hapo sauti ya mama ikakatika kwenye spika. Ngoma zikaendelea, kinamama wakaitikia, mwimbishaji hayupo. Nikafurahi, nikijua ninaye mfukoni.

Nyumbani nikafungua. Ngoma. Kayamba. Kimya, kisha kinamama wanaitikia. Wimbo wa kwanza hivyo, wa mwisho hivyo, na ndivyo zilivyo zote mpaka leo. Kumbe mama hakutaka kurudi kwangu. Alitaka kutolewa tu, aende zake. Kazungu nimeshamsamehe nusu. Mama bado sijaweza.

Wewe uliye na sauti ya mtu wako, usiitoe mashine ya zamani, hata kwa uliyenyonya naye ziwa moja, kabla hujausikiliza kila wimbo mpaka mwisho. Na mtu wako akija kukuomba umtoe alikofungiwa, muulize kwanza anakwenda wapi.