Nani Atamwogesha Mama

Mwanamke wa ofisi ya huduma za nyumbani alipotaka kumpigia simu mkalimani, nilimwambia hakuna haja, mimi nipo. Kiingereza changu nilikianza sekondari Kigoma, nikakinoa Nairobi, nikakimalizia katika viwanda vya nyama huko Alberta. Nilijivuna, na kosa letu lote lilianzia hapo.

Tulikuwa sebuleni kwetu St. James Town, mtaa wa maghorofa uliojaa wahamiaji, ghorofa ya kumi na saba. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kupanga sambusa mezani, maana mgeni ni mgeni hata akija na kompyuta. Huyu alikuja kupima kama mama, mwenye miaka sabini na tisa na nyonga iliyowahi kuvunjika, anastahili kuletewa mhudumu. Sisi tulitaka kitu kimoja tu: mwanamke wa kumsaidia kuoga. Sina dada nchi hii, sina mke, na mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akija kila Jumamosi alikuwa amehamia mji wa jirani, Mississauga, kwa binti yake.

Maswali yakaja. Anapika? Anavaa mwenyewe? Nikatafsiri moja moja. Kisha likaja lile lenyewe: anaoga bila msaada?

Mama alinitazama, halafu akatazama sambusa. "Mwambie naoga vizuri."

"Mama."

"Baba, mwambie hivyo hivyo."

"Na chooni je? Anauliza."

"Huyu naye! Mwambie ale, zinapoa."

Nikatafsiri. Nilijiambia mkalimani hasemi yake. Wiki mbili baadaye tukapigiwa simu kwamba mama anajimudu, na isitoshe anaishi na mwanawe mtu mzima.

Mama hakuwa akijimudu. Tangu yule wa kanisani ahame, alikuwa akijipangusa kwa kitambaa kwenye sinki, mkono mmoja umeshika ukingo, kwa sababu hakuweza kuinua mguu auvushe ukuta wa beseni la kuogea. Nilijua kwa sababu taulo lake lilikuwa kavu kila asubuhi. Nilijua pia kwa sababu mwanamke aliyetulea kwa kutusugua mpaka ngozi iwake alianza kujipaka marashi mengi kabla hajakaa karibu na watu. Halafu akaanza kukosa ibada. Alisingizia mguu. Sikubisha, lakini mguu huo ulikuwa ukifika sokoni bila shida.

Tulikotoka, upande wa Uvira, tulioga mtoni. Kina mama walikuwa na mahali pao nyuma ya matete, na mwanamume yeyote aliyepita njia ile, hata wa miaka minane, alikohoa tangu mbali. Nilikohoa sana utotoni. Bado nausikia ule mto, na bado naikumbuka harufu ya sabuni ya mche ikija na upepo kabla hujafika. Nimehama miji saba tangu hapo na nimeacha mengi njiani: lugha ya bibi yangu, kazi nzuri mbili, wanawake walionivumilia kuliko nilivyostahili. Hili la kukohoa sijaliacha, na sioni kwa nini niliache.

Nikapiga simu ofisini. Msimamizi alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole.

"Wana wengi hapa huwaogesha mama zao," alisema.

"Mimi simo."

"Ni suala la kuzoea tu, bwana."

"Wewe wako umemwogesha?"

"Hatuzungumzii mama yangu."

"Umeona? Na mimi wangu sitaki azoeshwe."

Nikamwambia fomu yao ilijazwa mbele ya mtoto wa kiume, na mama yeyote wa kwetu angejibu vilevile hata kama hawezi kunyanyua kijiko. Nataka apimwe upya, mkalimani awe mwanamke, na mimi nisiwepo. Akasema foleni ni ndefu. Nikasema nimeshakaa foleni za kambi ya wakimbizi. Ya kwao angalau ina muziki kwenye simu.

Jumapili moja mzee wa kanisa, mtu wa Bujumbura, alinishika bega mbele ya watu. "Kijana, wewe upo, una mikono miwili, halafu unamwombea mama yako msaada kwa serikali?"

"Mzee, una mabinti wanne. Niazime mmoja kila Jumamosi aje amwogeshe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na sikumwomba radhi.

Mwezi uliofuata akaja mpimaji mwingine, naye mwanamke. Sambusa zilikuwa mezani. Mkalimani alipopokea simu nikavaa koti.

"Mgeni anaingia, wewe unatoka?" mama akauliza. "Adabu gani hiyo?"

"Ya kwetu, mama."

Nikasimama nje, karibu na lifti. Jirani aliyebeba kikapu cha nguo aliniuliza kama nimefungiwa nje. Nikamwambia nimejifungia mwenyewe. Baada ya nusu saa nilipita karibu na mlango wetu na kusikia sauti ya mama, ndefu, ya haraka, isiyovuta pumzi. Nikarudi kwenye lifti upesi nisije nikasikia neno.

Mpimaji alitoka na sambusa mbili ndani ya karatasi. Mama alikuwa amekaa palepale, kilemba kimelegea, amechoka kama mtu aliyetua mzigo. Sikumwuliza amesema nini. Yeye mwenyewe akasema, "Yule wa kwenye simu ni mtu wa Bukavu. Anajua kuuliza."

Tukapewa mhudumu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Jumanne ya kwanza nilifukuzwa nyumbani, nikazunguka mtaa katika theluji saa nzima. Niliporudi mama alikuwa kwenye kiti chake ananukia sabuni, anakula, analalamika kwamba yule dada hajui kusugua mgongo, anaupapasa tu kama anafuta meza.

"Mpaka Ijumaa tena?" akauliza.

"Mpaka Ijumaa."

"Kwani wao wenyewe huoga mara mbili kwa wiki?"

"Sijui, mama."

"Waulize."

Jumatano asubuhi nikapiga simu ofisini, kuwauliza.