Namba ya Siri ya Baba Mkwe Inaingia kwa Simu Yangu

Admin, jina langu lifiche, soko waambie tu ni Ekerenyo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, mjane, nina wasichana wawili. Nina cyber ndogo hapa sokoni: kompyuta mbili, printa, benchi la wateja na mashine ya kuchukua alama za vidole. Siku hizi serikali yote imehamia kwa mtandao, na watu wa huku nyumbani hawana intaneti, wengine hata simu hawana. Cheti cha kuzaliwa, bima ya afya, fomu za shule, yote yanaletwa kwangu. Mzee asiye na simu namwandikisha kwa namba yangu, ndiyo ile namba ya siri inayotumwa na serikali iingie kwangu nimsomee. Karibu kila cyber huku inafanya hivyo. Sikuwahi kufikiria kitu kama hicho kinaweza kuniweka mahali nilipo leo.

Kabla hamjanitukana, mjue nilikotoka. Mume wangu alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mkwe wangu. Siku tulipomzika, huyo mzee alishika kipaza sauti, mimi nimekaa kando ya jeneza na watoto wangu, akawaambia watu kwamba mwanawe hakuacha mtu, maana wasichana ni wa kuolewa tu. Chai ambayo mume wangu aliipanda kwa mikono yake akapewa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, wiki hiyo hiyo. Sikulia. Imepita miaka minne, sijasahau.

Mwezi uliopita mzee alizibika mkojo. Hospitali wakamwekea mpira wa kutoa mkojo, wakamwambia upasuaji utafanywa akishajiandikisha kwa bima. Mashine ya vidole huku kwetu ni yangu peke yake, kwa hivyo akaja, amevaa koti refu kuficha mfuko wa mkojo. Akasimama nje ya mlango. Wasio wa huku niwaeleze: sisi tuna chinsoni, ile heshima ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Hatushikani mikono, hatukai karibu, na mambo ya mwili hayatajwi kati yetu hata kwa mzaha. Mkwe akija dukani, huwa namwita fundi viatu wa mlango wa pili aje asimame kati yetu, amuulize maswali, amshike kidole. Siku hiyo fundi alikuwepo, nyundo yake naisikia. Sikumwita.

Ile fomu ya bima inauliza ukuta wa nyumba, paa, mifugo, choo, ndipo serikali ijue utalipa pesa ngapi. Hayo yote nayajua, nimeishi kwa boma lile miaka kumi na minne. Ningejaza kimya kimya akiwa bado anafunga mwavuli. Mimi nikakaa kwa kiti changu nikamuuliza kwa sauti, benchi limejaa watu, nikimwita Tata, yaani baba.

"Tata, serikali inataka kujua unaenda choo cha aina gani."

Akaangalia chini. Nikarudia. Akasema polepole kwamba ni cha shimo, nikamwambia sijasikia, akasema tena kwa nguvu. Mama mmoja kwa benchi akacheka, akajifunika mdomo na leso. Nikamuuliza kama hicho choo kina mlango. Hilo swali halikuwa kwa fomu, nililitunga mimi, na nilifurahi nikilitunga. Msinione mbaya, ama mnione tu.

Ikabaki kidole. Akaingia bila kuniangalia, akaweka kidole kwa mashine, ikakataa. Vidole vyake vimelika kwa jembe na kuchuma chai, ni lazima mtu avibonyeze kutoka juu. Nikanyoosha mkono wangu.

"Lete nikushike, Tata. Mashine haijui mkwe."

Hakuna aliyecheka tena. Yule mama wa leso akainamisha kichwa. Mzee akarudisha mkono kwa koti, akatoka kwa mvua, mwavuli akauacha. Sikumwita. Nikasema, mwenye zamu afuate.

Mwavuli bado uko hapa kwa kona. Mama mkwe ametuma watu mara mbili kuniambia mzee hataki kunywa maji, ana homa, na mpira umeanza kutoa damu. Leo asubuhi shemeji amembeba akampeleka hospitali ya Kisii. Huko kuna muuguzi wa kumshika kidole, shida hiyo imeisha. Lakini ukurasa wake wa bima nilishaufungua kwa namba yangu, na kila wakiugusa, namba ya siri inaingia kwangu. Wameomba namba ya simu ibadilishwe, wakaambiwa hata kubadilisha kunahitaji namba ya siri, nayo inakuja hapa hapa.

Shemeji amenipigia mara tatu. Mara zote nimemwambia haijafika, labda mtandao ni mbaya kwa sababu ya mvua. Mara ya mwisho nilimsikia mzee nyuma yake akisema kitu kwa sauti ndogo, nikauliza anasema nini. Shemeji akaniambia mzee anasema wasinisumbue, nina watoto wa kulisha.

Hilo ndilo limenichanganya. Angenitukana, ningejua la kufanya. Kama hiyo ni njia yake ya kuomba msamaha, mbona asiombe mbele ya watu, kama alivyonivua nguo mbele ya watu siku ya mazishi?

Simu imelia sasa hivi, tarakimu sita, naziona. Zinadumu dakika kumi tu. Msichana wangu mkubwa ametoka shule, amesimama hapa, anauliza ni za nani, nimemwambia ni za mteja. Najua admin ataweka hii kesho, na mkisoma, hizi zitakuwa zimeshakufa. Lakini wakiwa bado wako naye hapo kwa dirisha la bima hospitalini, wataomba zingine. Nishaurini nyinyi, niwasomee ama ninyamaze?