Jina Juu ya Boksi la Risasi

Jumatatu nilipigiwa simu kwamba mzee aliyekuwa fundi wa risasi katika klabu yetu ya kulenga shabaha hapa Voi amefariki nyumbani kwake Wundanyi. Wasomaji wangu wanajua kwamba sipendi silaha. Nilikuwa karani wa klabu ile kwa mwaka mmoja, nikiwa nimetoka chuoni na stashahada ya ununuzi na imani kwamba hakuna kosa la nchi hii lisiloweza kutibiwa kwa jedwali zuri.

Klabu ilikuwa na kibali cha kujaza upya maganda ya risasi za bastola na bunduki. Mashine yake ilipochakaa, kamati iliniagiza nipendekeze nyingine. Nilipendekeza ile yenye sahani inayozunguka, ambayo kila wenzo unaposhushwa hutoa risasi iliyokamilika. Mzee alitaka ile ya hatua moja: ganda moja, kazi moja, kisha ganda jingine.

“Mzee, hiyo yako itatuchelewesha,” nilimwambia.

“Tuchelewe kwenda wapi, kijana? Shabaha ina miguu?”

Mwenyekiti alicheka, kisha akamwambia kwamba asiyeweza kwenda na wakati anaweza kupumzika nyumbani. Mzee hakuwa na kazi nyingine.

Tuliazima mashine ya haraka kwa majaribio, na mchana mmoja nikajaza maboksi mawili. Sasa, mzee alikuwa na desturi ya kuandika kwenye kila boksi jina lake kamili na kijiji chake, ili atakayeumia ajue pa kumpata. Nilimpelekea maboksi yangu aandike. Alizipima risasi zote kwa mizani, moja baada ya nyingine, huku kamati ikitazama saa. Mbili hazikuwa na baruti. Risasi ya namna hiyo hukwama ndani ya mtutu. Inayofuata ndiyo humpasukia mpigaji usoni.

“Hizi si zangu,” alisema, akinipa kalamu. “Andika lako.”

Niliishika kalamu bila kuandika. Mwenyekiti naye hakuniomba nimpe aandike lake. Tulinunua mashine ya hatua moja, na mzee akabaki kazini.

Tangu siku hiyo, nikisikia ofisi yoyote ikisifu kasi yake, hutafuta kwanza jina la mtu atakayejibu mambo yakiharibika. Mara nyingi silipati. Ripoti yangu ya kupendekeza mashine ya haraka ilikuwa ya kurasa sita, na mwisho wake niliweka sahihi: “Kamati.”