Tanuri la Aziza Halichimbwi Tena

Unapita mbele ya galeri ya zamani, karibu na stesheni ya Kindu, kila siku ya Mungu. Harufu ya bizari inakushika pua, unameza mate, halafu unageuza shingo upande wa reli kana kwamba kuna treni inaingia. Hakuna treni. Unajua hakuna treni. Unageuza shingo kwa sababu unajua yaliyotendeka ndani ya jengo lile, na ulikuwa mtu mzima yalipotendeka.

Leo usigeuke. Ingia.

Saa sita kasorobo mchana, mwaka huu wa 1981, ukumbi umejaa. Zamani palikuwa na maduka chini ya paa moja: vitambaa, baiskeli, taa za mafuta, redio. Vioo vimevunjika siku nyingi na rafu zimeishia kuwa kuni. Pale katikati, ambapo mabunda ya vitenge yalipangwa hadi darini, sasa kuna mabenchi. Pembeni wanawake watano wanapika vyakula vya Asia: sambusa, biriani, bajia na achari ya embe, wali wa Kichina. Unanunua kwa huyu, unaongeza kwa yule, unakaa unapotaka.

Mwisho kabisa wa ukumbi, Aziza binti Sumaili amepiga magoti mbele ya shimo linalofuka joto. Mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa kibichi hadi begani. Anachukua donge la unga uliokandwa, analirusha kiganja hadi kiganja mpaka linakuwa bapa, kisha anauzamisha mkono wote ardhini na kuubandika mkate kwenye ukuta wa moto. Pah! Anautoa mkono, anapuliza vidole, anacheka.

"Usisogee sana, baba," anamwambia Asumani, fundi wa reli ambaye kila mchana humsimamia kichwani na njaa yake. "Ukianguka humu, batakukula na achari."

"Nyama yangu ngumu, mama."

"Treni yenu njo ngumu zaidi. Tangu mwezi ule tunaitafuna, haimezeki!"

Benchi zima linaangua kicheko, na Asumani naye anacheka, maana afanye nini? Unga wa ngano unakuja na treni kutoka kusini. Safari hii umechelewa wiki tatu. Aziza anachanganya na unga wa muhogo, na mkate wa namna hiyo haushiki vizuri ukutani. Mmoja katika kila mitano unadondokea majivuni.

"Siku hizo nauza nusu," anasema. "Lakini siachi kuwasha. Moto ukilala siku nyingi, udongo unapasuka."

Nusu yenyewe ni mikate arobaini. Theluthi ya kila anachopata inakwenda kwa mwenye galeri, ambaye hajawahi kufagia hata kizingiti. Kilichobaki kimesomesha watoto watatu, na wa nne yuko darasani.

Huyu si mama wa kulialia. Ukimuuliza hali, anafuta jasho na kukujibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Mimi niko muzuri. Nakula, nacheka, mukate unaiva. Weye je?"

Aziza ni mzaliwa wa Kindu, mtoto wa mtaa wa Waislamu. Alikuwa hajafika miaka ishirini alipoingia kuosha vyombo nyumbani kwa Bwana Bashir, Mpakistani aliyekuwa na galeri hii. Tusipake asali: Bashir hakuwa malaika. Mshahara alioulipa ulikuwa wa kukatisha tamaa, na mlango wa mbele haukuwa wa watu kama Aziza. Lakini mke wake, ambaye Aziza alimwita Bibi tu, alikuwa na tanuri nyuma ya duka: mtungi mkubwa wa udongo uliofukiwa ardhini hadi mdomoni, na moto chini yake.

"Bibi hakujua Kiswahili, mimi sikujua luga yake," Aziza anakumbuka. "Nikikosea, ananipiga mwiko hapa kwenye mukono. Mimi nacheka, yeye anacheka. Njo masomo yetu."

Kisha ikaja Novemba 1973. Amri ilishuka kutoka juu, kwa rais, kwamba biashara za wageni zipewe wananchi. Tulipiga makofi. Tulidhani wananchi ni sisi. Galeri ilipewa mtu mmoja, sitwayeni, kama tulivyoamriwa kuitana, mwenye ndugu mahali pazuri, na Bashir na Bibi wakapanda treni na masanduku mawili. Kabla mwaka haujageuka, bidhaa zote zilikuwa zimeuzwa na hakuna nyingine iliyoagizwa.

Rafu zilipobaki tupu, bwana yule alianza kufikiri. Kwa nini Mpakistani awashe moto ndani ya shimo mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka? Mkate gani huo? Hapana, moto ule ulikuwa mlinzi. Chini yake kulikuwa na zahabu ya migodi ya Kampene.

Hapa kwetu, ambapo kila ukoo una mjomba aliyeko mgodini, maneno yale yaliingia akilini mwa watu kama maji mchangani. Akaleta wachimbaji kutoka Kampene. Mji nao ukaja na masepetu yake. Wewe ulikuwepo. Kama hukuchimba, ulishika ndoo. Kama hukushika ndoo, ulisimama dirishani ukingoja mng'ao.

Walilivunja tanuri vipande vipande. Wakashuka, wakashuka, mpaka maji yakatoka. Walipata majivu, kijiko kimoja cha bati, na hayo maji.

"Niliwaambia, ndugu zangu, moto ule ulikuwa wa mukate," Aziza anasema. "Wakasema, aha, mama huyu anajua kitu, anaficha! Kesho yake wakaja kuchimba hata nyuma ya nyumba yangu. Mihogo yangu yote wakaing'oa."

Hakuna aliyerudi kumwambia pole, hata aliyeondoka na mihogo.

Miaka miwili jengo lilikaa na popo. Aliyemrudisha Aziza ndani ni Philomène, mwanamke wa Pangi, aliyekuwa akiwafulia nguo Wachina waliokuja kufundisha kilimo cha mpunga na akajifunza wali wao kwa kuchungulia. Kwenye kadi anaitwa Onema, kwa kuwa majina ya Kizungu yalipigwa marufuku, lakini jina hilo analitumia mtoza kodi peke yake. Mama yake Philomène alikuwa mfinyanzi.

"Nilimwuliza, yaya, dada yangu, hilo tanuri unalolilia njo nini?" Philomène anasimulia, huku akigeuza wali kwenye karai. "Akanichorea chini. Nikamwambia: sasa mama, si njo chungu tu? Chungu kikubwa kisicho na tako!"

Wakachukua udongo wa kichuguu, wakakanda na chumvi na manyoya ya mbuzi. Tanuri la kwanza lilipasuka. La pili lilibomoka kwa mvua iliyovuja paani. La tatu ndilo hili, lililofinyangwa pete juu ya pete kama wanavyofinyanga vyungu Pangi, na linaoka kama la Bibi. Wanawake wengine watatu walifuata harufu.

Wana taratibu yao. Mwezi wa Ramadhani Philomène ndiye anayelisha moto wa Aziza mchana. Jumapili asubuhi, Philomène akiwa kanisani, Aziza ndiye anayegeuza wali wa Kichina. "Na anautia bizari yake bila ruhusa," Philomène analalamika. "Bateja bananiuliza kwa nini wali wa Jumapili unanuka Mupakistani."

"Na banarudisha sahani tupu," Aziza anamjibu bila kugeuka.

Ilikuwa imebaki tu kuandika kwamba mambo ni mazuri. Lakini mwenye galeri, bwana yule yule wa kuchimba, amerudi. Juma lililopita aliingia na watu wawili, akapima sakafu kwa hatua, akagongagonga kisigino. Amepata mawazo mapya: zahabu hutembea. Ilisikia masepetu mwaka ule ikasogea. Sasa eti iko pembeni ya tanuri, chini ya mabenchi.

Safari hii hataki kulipa wachimbaji. Ametangaza kwamba salongo ya Jumamosi hii, kazi ile ya lazima ya mtaa mzima, itafanyika galeri, "kuzibua mtaro". Ndani ya galeri hakuna mtaro. Wanawake wameambiwa Ijumaa wabebe sufuria zao wakauzie sokoni.

"Sufuria nitabeba," Aziza anasema. "Hili nalo? Nilibebe vipi? Liko ndani ya udongo kama jino."

Bado ana mpango wake. Anataka tanuri la pili, pale pale anaposimama Asumani, ili awafundishe mabinti wawili wa mtaani na mikate iwafikie hata abiria wa treni, siku treni itakapokumbuka njia. Philomène amekwisha kuleta udongo. Umerundikwa mlangoni, umefunikwa majani ya ndizi.

"Na akichimba?" anauliza Asumani.

Aziza anachomoa mkate kwa ndoana yake ndefu, anaupuliza majivu.

"Akichimba atakuta maji tena. Lakini mimi karibu miaka makumi tano, baba. Kuongeza la pili naweza; hili likivunjwa, kuanza upya sitaweza. Jumamosi sitatoka. Nitawasha kama kawaida."

Umesikia. Atawasha. Basi sikiliza na hili: Jumamosi utaitwa, na usipokwenda utatozwa faini, kwa hiyo nenda. Nenda mapema, kabla yake. Acha sepetu nyumbani, chukua mke, mume, watoto, jirani. Kaa kwenye benchi la katikati uagize mkate, ule taratibu. Akikuamuru uinuke, mwambie hujashiba, kisha agiza mwingine. Hawezi kuchimba chini ya matako ya mji mzima.

Anza leo. Mwambie jirani yako kabla hujalala. Mara ya kwanza ulichimba. Jumamosi hii, kaa chini ule.