Ramlo Aliyeingia Hewani Bila Kuitwa

Ramlo alikuwa muuza maziwa ya ngamia hapo soko ya Garissa, na ulimi wake ulikuwa mchachu kuliko maziwa ya juzi. Lakini hakuzaliwa sokoni. Alizaliwa Takaba kati ya ngamia wa babake, akaolewa kati ya ngamia wa mumewe, halafu ukame wa mwaka wa tisini na mbili ukamaliza ngamia, mume naye akafuata. Ramlo akateremka Garissa na jerikeni mkononi. Binti yake Saynab alibaki Takaba na bwana yake Salat, kijana mpole, mpole mpaka anaudhi.

Siku hizo simu ilikuwa ya maofisini. Watu wa kawaida walikuwa na taar, ile redio ya kuongea: sanduku la chuma, betri ya lori, na waya mrefu juu ya mlingoti. Unaongea Garissa, Takaba wanasikia. Na Eldas wanasikia, na Lafey, na Nairobi, na kila mwenye sanduku, kwa sababu njia ni moja. Ndiyo maana taar ilikuwa na adabu zake. Ukoo wa mtu hautajwi. Mmoja akiongea, mwingine anangoja mpaka asikie "ova". Ukiingia katikati umekanyaga, na mkanyagaji anachekwa mpaka asahau jina lake. Na wale wa kukaa kutwa nzima kusikiliza habari za wenyewe bila kusema neno, hao waliitwa wamezaji. Mungu anajua Garissa ilijaa wamezaji.

Hizo ni adabu za mdomoni. Sheria yenyewe ilikuwa moja tu: mwenye mali anaongea kwanza, na anaongea mpaka achoke.

Alasiri moja Nunow, mwenye taar ya nyuma ya soko, akatoa kichwa mlangoni. "Eedo Ramlo!" akaita, kama mtu anavyomwita shangazi yake. "Takaba wanakutaka. Ni Salat."

Ramlo akamwachia jirani yake Lul maziwa, akaenda mbio mpaka kandambili ikakatika. Sauti ya Salat ilikuja nyembamba kama uzi, ikimwita hooyo, yaani mama.

"Asalaam aleikum, hooyo. Ova."

"Aleikum salaam. Lete habari. Ova."

"Nabad, hooyo. Watu nabad. Mifugo nabad. Mvua imenyesha kidogo. Ova."

Hivyo ndivyo mtu aliyelelewa vizuri hutoa habari. Hata kama nyumba inaungua, kwanza ni nabad, amani, halafu mifugo, halafu mvua, ndipo moto. Ukianza na moto wewe huna wazazi. Na Salat alikuwa na aibu nyingine juu ya hiyo: mwanamume haongei mambo ya uzazi na mama mkwe wake, sembuse wanaume wa wilaya tatu wakiwa wametega masikio.

Kabla Ramlo hajauliza la pili, Nairobi ikakanyaga. Ilikuwa sauti ya Abdihafid, kijana wa taar ya Islii, aliyekula mkate wa mjini mpaka akasahau ngamia ana miguu mingapi.

"Takaba, Takaba, kama ni nabad tu, toka hewani. Hizo stori za mvua pelekeni kisimani. Niko na Mzee Rage hapa, mtu wa biashara. Mandera, ingia. Ova."

Rage akaingia na bei ya sukari. Nunow akashusha mabega. "Ngoja tu, eedo. Ni Rage mwenye malori."

"Kwani Rage amenunua hewa?"

"Hajanunua, lakini..."

"Lakini unamwogopa."

Ramlo alikaa kwenye benchi, matako hayakutulia. Mtu mwenye haya kama Salat haji kwenye taar kusalimia. Na Saynab mimba yake ilikuwa imefika mwezi wake. Ramlo akasimama, akamnyang'anya Nunow kile cha kuongelea, akabonyeza katikati ya sukari.

"Rage! Wacha sukari!"

Hewa ikanyamaza. Hata wamezaji waliacha kutafuna miraa.

"Nani huyo anakanyaga?" Abdihafid akafoka. "Garissa, toa huyo mathe hewani! Ova."

"Mathe ni yule aliyekuzaa akasahau kukulea. Mimi naitwa Ramlo. Umemtoa mtu hewani hajamaliza hata salamu. Nani alikwambia nabad ni mwisho wa habari? Ova."

"Mathe, Mzee ni kastoma wa kila siku. Nyinyi wa kichakani mnakuja mara moja moja, halafu mnataka hewa yote. Ova."

Hapo mmezaji mmoja akajisahau. "Eldas hapa. Tunakuja mara moja moja kwa sababu hatuna kitu, si kwa sababu hatuna watu. Ova."

"Lafey hapa. Mimi nangoja tangu asubuhi kumuulizia baba yangu mgonjwa. Ova."

"Wewe Lafey nyamaza!" Abdihafid akamrukia. "Juzi ulisema dharura, kumbe unatafuta ngamia. Ova."

"Ngamia kupotea si dharura? Ova!"

"Nyamazeni nyote," Rage akasema, polepole. Yeye pia alikulia huko kichakani, kabla ya malori, na alijua nabad ni mwanzo tu wa habari. "Takaba, maliza habari yako. Ova."

Salat akarudi hewani, sauti nyembamba zaidi.

"Hooyo, nisamehe. Saynab amezaa. Damu haisimami. Gari hapa ni moja, lori ya Mzee Rage, na dereva Billow anasema hawashi bila neno la mwenyewe. Ova."

Ramlo akavuta mtandio mpaka machoni. Akabonyeza. "Rage, umesikia. Mimi sibembelezi mtu. Ova."

"Mzee, si mbuzi zimeshapakiwa..." Abdihafid akaanza.

"Funga mdomo. Takaba, mwambieni Billow ashushe mbuzi wote, atandike godoro, ampeleke Elwak hospitali sasa hivi. Mbuzi wakipotea ni wangu. Ova."

Baada ya hapo hakuna aliyeongea. Hakuna aliyeagiza, lakini Lafey hakuingia, Mandera hakuingia, Rage mwenyewe aliacha sukari yake. Hewa iliachwa wazi inanguruma tu, mpaka jua likazama. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Elwak wakaingia: mgonjwa amefika, damu imesimama, ameomba chai. Mtoto ni msichana, ananyonya.

Nunow akalia kama mzazi. Ramlo hakulia. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Rage maneno mawili, hakuongeza.

Ndipo Abdihafid akaingia, sauti chini. "Eedo Ramlo, pole. Sikujua. Ova."

"Hukuuliza," Ramlo akamjibu. "Ova."

Akamrudishia Nunow kile cha kuongelea, akatoka kutafuta gari ya kwenda kumwona binti yake.